Kuweka modi ni rahisi, kuitoa ndiyo kazi: kulinda dunia yako ya Minecraft

Wachezaji wengi wa Minecraft huingiwa na hofu siku ya kuweka modi mpya, yaani nyongeza inayobadilisha gemu, kumbe siku ya kuogopwa ni ile ya kuitoa. Modi mpya ikikataa, gemu inajifunga kabla hata hujafika kwenye orodha ya dunia zako. Unaifuta, unafungua tena, na kijiji chako kiko vilevile. Lakini modi iliyokaa miezi ndani ya dunia, ikakujengea mashine na kujaza masanduku yako vyuma na vyakula vyake, ukiifuta na kuifungua dunia ile, kila ilichoweka kinaondoka nayo. Gemu ikishahifadhi, hakuna kitufe cha kukirudisha.

Tunazungumzia Minecraft Java Edition, ile ya kompyuta, ikichezwa kwa Survival, ambako kila bloku umeichimba kwa jasho lako. Ya kwenye simu, Bedrock, ina utaratibu wake na haimo humu. Na tunawafikiria hasa wachezaji wa Mbeya, Iringa, Njombe na Makambako: laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 au 8, bando la kuhesabu, modi zinazosafiri kwa flashi kutoka geto moja hadi jingine, na umeme unaoyumba mvua za Novemba zikianza. Mazingira haya yana hatari zake, na miongozo mingi ya huko nje haizigusi.

Kinachotokea modi ikiondoka

Minecraft huigawa dunia katika chanki, kila moja ikiwa na upana wa bloku 16 kwa 16. Chanki 1,024, yaani 32 kwa 32, hukaa ndani ya faili moja lenye kiishio cha .mca kwenye folda inayoitwa region. Ndani ya chanki, tangu toleo la 1.13, kila aina ya bloku imeandikwa kwa jina lake kamili: minecraft:stone, create:cogwheel, na kadhalika. Neno lililo kabla ya nukta mbili linataja mwenye bloku.

Gemu inaposoma chanki na kukuta create:cogwheel wakati modi ya Create haipo, haina pa kuipeleka bloku hiyo, kwa hiyo inaweka hewa mahali pake. Vitu vilivyo sandukuni navyo hutupwa vivyo hivyo. Chanki ikihifadhiwa tena, hewa ndiyo inayoandikwa kwenye faili, na jina la zamani limekwisha. Chanki za mbali ambazo hujazikaribia hazijasomwa, hivyo bado zina majina yake. Ndiyo maana aliyestuka mapema na kutoka hupoteza nyumba moja, na aliyezunguka dunia nzima akishangaa hupoteza kila kitu alichokipitia.

Forge, mojawapo ya loda (programu zinazopakia modi kwenye gemu), hukupa onyo: skrini yenye orodha ya vitu vilivyokosekana, na swali kama uendelee au urudi. Hapo rudi. Usikubali kwa sababu tu una hamu ya kuingia, na usitegemee kwamba kila loda itakuonya kwa uwazi huo.

Modi zilizoleta dimensheni yake, yaani ulimwengu wa ziada ndani ya dunia, mbali na zile tatu za kawaida, ni ngumu zaidi. Mipangilio ya dimensheni huandikwa ndani ya level.dat, faili linalobeba kumbukumbu kuu za dunia, na modi ikiondoka bila maandalizi dunia inaweza kugoma kabisa kufunguka.

Bakapu ya dunia bila modi zake ni nusu ya bakapu

Kitufe cha Make Backup, kilicho ndani ya Edit kwenye orodha ya dunia, ni kizuri na kitumie. Kinatengeneza zipu na kuiweka kwenye folda ya backups. Ila kinachukua dunia peke yake. Modi hazimo, wala mipangilio yake. Ukiirudisha zipu hiyo miezi sita baadaye kwenye kompyuta yenye modi za matoleo mengine, unaweza kujikuta kwenye shimo lilelile la hewa.

Bakapu kamili ina vitu vinne. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%\.minecraft, halafu Enter. Chukua folda ya dunia yako ndani ya saves, folda nzima ya mods, folda nzima ya config, na orodha ya majina ya modi. Orodha hiyo huhitaji kuiandika kwa mkono. Fungua Command Prompt ndani ya folda ya .minecraft na uandike:

dir /b mods > orodha.txt

Faili la orodha.txt litakuwa na kila jina pamoja na namba ya toleo. Hilo ndilo litakalokuokoa siku modi zenyewe zikipotea, kwa sababu ukijua kwamba ulikuwa na create-1.20.1-0.5.1.f.jar unaweza kuitafuta ileile. Vitu vyote vinne viweke kwenye zipu moja kwa 7-Zip, na jina la zipu lieleze kilichomo: kijiji_1.20.1_forge_14-06.zip linatosha. Jina kama "bakapu mpya mwisho 2" halitakusaidia lolote.

Kwenye Forge mipangilio mingine ya modi haikai config, inakaa ndani ya dunia yenyewe kwenye folda ya serverconfig. Ukibeba folda ya dunia nzima utakuwa umeibeba. Wanaochagua mafaili moja moja ili zipu iwe ndogo ndio huiacha, kisha wanashangaa kuona viwango walivyoviweka vimerudi mwanzo.

Funga gemu kwanza kabla ya kunakili. Dunia iliyo wazi inaandikwa muda wote, na nakala unayoichukua katikati inaweza kuwa na level.dat ya sasa na region ya dakika tano zilizopita. Kwa sababu hiyohiyo usiiweke folda ya saves kwenye OneDrive au Google Drive ili ijipakie yenyewe wakati unacheza. Pakia zipu iliyokwisha kufungwa.

Zipu isikae kwenye diski ileile ya gemu. Flashi ya GB 32 inatosha watu wengi, lakini angalia mfumo wake wa mafaili: ikiwa ni FAT32 haitapokea faili moja linalozidi GB 4, na dunia ya muda mrefu yenye modi nzito inaweza kufika huko. Iformati exFAT. Simu nayo ni ghala zuri kwa nakala ya pili, na haishiki virusi vya Windows kama flashi inayozunguka kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo na muvi. Weka nakala tatu za tarehe tofauti, ya nne ikija ya zamani kabisa iondoke. Nakala moja unayoiandika juu yake kila wiki haifai, maana kosa la wiki mbili zilizopita nalo utakuwa umelinakili.

Si modi zote zina uzito mmoja

Zipo zinazobadilisha unachokiona tu. Sodium hupunguza mzigo wa kuchora, Xaero's Minimap hukuchorea ramani, JEI hukuonyesha namna ya kutengeneza vitu, Mod Menu huorodhesha modi. Hizi haziandiki bloku hata moja. Ziweke, zitoe, zibadilishe upendavyo, na kompyuta ikilemewa anza kupunguza hapa.

Zipo zinazobadilisha mwenendo, kama Lithium inayorahisisha hesabu za ndani za gemu. Nazo hutoka bila kuacha shimo.

Zipo zinazoleta vitu: Create na mashine zake, Farmer's Delight na vyakula vyake. Hizi ni ndoa. Zikishaingia kwenye dunia unayoipenda, hesabu kwamba utakaa nazo mpaka mwisho wa dunia hiyo. Ushauri wetu kwa modi ya aina hii ambayo umeichoka lakini haikusumbui ni kuiacha ilipo.

Na zipo zinazobadilisha uumbaji wa ardhi, kama Biomes O' Plenty. Hizo chagua kabla dunia haijazaliwa. Ukiiingiza katikati, chanki ulizokwisha kuzitembelea zinabaki na sura ya zamani na mpya zinakuja na sura mpya, basi mpakani utakuta ukuta ulionyooka kama uliokatwa kwa rula. Hali hiyo inahusu madini pia. Modi ikileta madini mapya, hayatatokea chini ya nyumba yako, kwa sababu ardhi ile iliumbwa kabla yake. Itakubidi utembee mpaka ardhi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia.

Folda ya kila dunia

Lancha rasmi ya Minecraft, programu inayoanzisha gemu, usipoielekeza vinginevyo, hutumia folda moja ya mods kwa matoleo yote. Modi za 1.20.1 zikisomwa na gemu ya 1.21 hapo ndipo fujo inapoanzia. Nenda Installations, tengeneza New installation, na kwenye Game Directory chagua folda mpya, kwa mfano D:\gemu\kijiji. Dunia, modi na config vitakaa humo, na bakapu yako itakuwa kunakili folda moja tu. Prism Launcher hufanya utengano huo yenyewe kila unapoongeza profaili mpya, na kwa mtu mwenye dunia zaidi ya moja tunaipendelea.

Modi ya Forge haifanyi kazi kwenye Fabric, loda nyingine, wala ya Fabric kwenye Forge. NeoForge ilijitenga na Forge mwaka 2023, na kwa matoleo mapya usidhani modi ya moja itapokelewa na nyingine. Soma jina la faili: sodium-fabric-0.5.8+mc1.20.4.jar linakupa modi, loda, toleo la modi na toleo la gemu, yote kabla hujalifungua.

Kuweka modi, na kumtafuta mkorofi

Weka modi chache, fungua gemu, tengeneza dunia mpya ya majaribio, tembea dakika kadhaa, toka. Ikikubali, ongeza nyingine. Wanaomwaga modi 60 kwa mkupuo huokoa nusu saa, kisha wanaimaliza jioni nzima wakitafuta iliyogoma.

Ikigoma, fungua logs\latest.log au faili la karibuni kwenye crash-reports. Usiogope urefu wake, tafuta mistari michache. Ukiona UnsupportedClassVersionError na namba kama 61.0, modi inataka Java mpya kuliko uliyo nayo: 52 ni Java 8, 60 ni Java 16, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Minecraft mpaka 1.16.5 huenda na Java 8, 1.17 na Java 16, kuanzia 1.18 hadi 1.20.4 na Java 17, na kuanzia 1.20.5 ilihamia Java 21. Ukiona NoClassDefFoundError au NoSuchMethodError, mara nyingi kuna maktaba, yaani modi ambayo modi nyingine huiegemea, iliyokosekana au ya toleo jingine. Fabric API, Architectury na Cloth Config ndizo husahaulika sana, kwa sababu aliyekupa flashi alikunakilia modi bila kukumbuka zinachokiegemea. Ukiona maneno kuhusu mixin (kipande cha modi kinachopachikwa ndani ya gemu) iliyoshindwa kuingia, modi mbili zinagombea sehemu moja ya gemu. Mstari huo hutaja jina la faili linaloishia .mixins.json, na mwanzo wa jina hilo kwa kawaida ndilo jina la modi.

Faili likikosa kukwambia, gawa nusu kwa nusu. Toa nusu ya modi, ukiacha maktaba mahali pake, ufungue. Ikigoma bado, mkorofi yumo katika zilizobaki. Isipogoma, yumo katika ulizozitoa. Endelea kugawa. Modi 40 hazizidi mizunguko sita.

Tahadhari: wakati wote wa kugawa, usiifungue dunia yako halisi. Nusu ya modi haipo, na umeshaona kinachotokea gemu ikisoma chanki zenye bloku za modi zisizokuwepo. Ihamishe kabisa folda ya dunia nje ya saves mpaka umalize, maana usiku wa manane mkono unaweza kubonyeza isiyo yake. Mtu huwa na modi moja mbovu tu, lakini utafutaji ndio unaoiua dunia.

RAM

Kwa miaka mingi lancha rasmi iliipa gemu GB 2 kupitia maneno -Xmx2G. Kwenye laptopu ya GB 4 usipande zaidi ya hapo. Chagua modi nyepesi, anza na Sodium, Lithium na FerriteCore, na upunguze umbali wa kuona mpaka chanki 8. Kwenye GB 8, toa GB 4. Kwenye GB 16, kati ya 6 na 8. Ukitoa kupita kiasi unaharibu pande mbili: Windows inabanwa na kuanza kutumia diski, na Java inaruhusu takataka kurundikana kisha inasimamisha gemu kwa muda ili kuzizoa, ndiyo yale mashtuko ya ghafla katikati ya vita na zombi. OutOfMemoryError ikitokea, ongeza nusu GB, si tatu.

Faili la .jar ni programu

Hapa tunasisitiza kuliko mahali pengine popote. Modi ya Java haifungiwi chumbani. Inaweza kufanya kwenye kompyuta yako chochote unachoweza kukifanya wewe: kusoma mafaili, kutuma kitu mtandaoni, kuandika juu ya faili jingine.

Juni 2023 jambo hilo lilithibitika. Akaunti za watengenezaji kadhaa kwenye CurseForge, tovuti ya kupakulia modi, na tovuti ya plagini za seva za Bukkit ziliingiliwa, na modi zenye programu haribifu iliyokuja kuitwa fractureiser zikapandishwa kwa majina yao halali. Iliiba taarifa za kuingia kwenye akaunti zilizohifadhiwa na vivinjari, akaunti za Microsoft na Discord, ikabadilisha anwani za sarafu za kidijitali zilizonakiliwa, na, la kutisha kwetu, ikajipandikiza ndani ya mafaili mengine ya .jar yaliyokuwemo kwenye kompyuta.

Fikiria maana yake kwa modi zinazosafiri kwa flashi. Rafiki yako wa Kihesa alipakua modi safi kutoka mahali sahihi. Laptopu yake ikaambukizwa na kitu kingine. Anakuletea modi ileile, jina lilelile, na imebeba kitu ambacho mtengenezaji hakukiweka. Nia yake ni njema na wewe umepata hasara.

Hatuwezi kuwaambia watu waache flashi, maana bando lina bei. Kuna njia ya kuitumia kwa usalama. Mmoja wenu apakue kutoka Modrinth, CurseForge au ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe, na hapohapo, kabla faili halijagusa kompyuta nyingine, aandike kwenye Command Prompt:

certutil -hashfile create-1.20.1-0.5.1.f.jar SHA256

Itatoka mistari, mmoja ukiwa na herufi na tarakimu 64. Autume kwenye kundi lenu la WhatsApp pamoja na jina la faili. Kila atakayepokea modi kwa flashi aandike amri ileile upande wake na alinganishe. Zikilingana zote, faili halijaguswa njiani. Ikitofautiana hata herufi moja, lifute, na aliyelileta aangalie kompyuta yake. Kazi yote haifiki dakika moja, na ujumbe wa WhatsApp unakula bando dogo sana.

Washa pia viishio vya majina: kwenye File Explorer, View, kisha File name extensions. Bila hivyo sodium.jar.exe itaonekana kama sodium.jar. Modi haiji kama .exe. Kisakinishi cha Fabric kwa Windows huja na .exe halali, nacho kichukue fabricmc.net na si kwingine. Tovuti zinazopandisha upya modi za watu wengine na kuzizungushia matangazo ziache, hata ikiwa ndizo za kwanza kutokea ukitafuta. Lancha zilizochakachuliwa ni vilevile: unampa mtu usiyemjua ruhusa ya kuendesha programu kila unapocheza.

Wanaopenda matoleo ya zamani wajue mawili. Desemba 2021 uligunduliwa udhaifu wa Log4Shell, ambao uliwezesha mstari mmoja wa maandishi kwenye soga kuendesha programu ndani ya kompyuta ya mwingine. Minecraft iliurekebisha katika 1.18.1, na seva za nyuma ya hapo zinahitaji marekebisho ya mkono. Julai 2023 ukaja BleedingPipe, udhaifu uliomo ndani ya baadhi ya modi za Forge, hasa za 1.7.10 na 1.12.2. Kwa hiyo modpaki (mkusanyiko wa modi) ya zamani ichezeni nyie mnaojuana, kwenye mtandao wenu wa ndani.

Kuitoa modi ya vitu, kama ni lazima

Chukua bakapu kamili. Kisha, modi ikiwa bado ipo, ingia kwenye dunia na uandike @create kwenye kisanduku cha kutafutia cha JEI, au jina la modi unayoitoa. Utaona kila kitu chake. Kipitie kijiji chako ukiwa na orodha hiyo: bomoa mashine, rudisha malighafi za kawaida kadiri uwezavyo, toa vitu vyake masandukuni, vua mavazi yake. Kama ina dimensheni yake, toka humo ulale nyumbani kwenye dunia ya kawaida. Hifadhi na utoke.

Nakili folda ya dunia na uibadilishe nakala jina. Kwenye orodha ya gemu zitaonekana dunia mbili zenye jina moja, kwa sababu jina linaloonyeshwa limo ndani ya level.dat. Tazama mstari wa chini wenye jina la folda, kisha ingia Edit uiite jaribio. Toa modi pamoja na nyongeza zake zinazoitegemea, fungua jaribio, tembea kila kona, soma latest.log. Ukiridhika ndipo ufungue dunia halisi.

Na kama umeshaharibu eneo moja lakini kazi ya siku za karibuni iko kwingine, huhitaji kurudisha bakapu yote. Rudisha modi, bonyeza F3 uone x na z za eneo lililoharibika. Gawanya kila moja kwa 512 na ushuke kwenye namba nzima ya chini. Kwa x 1300 na z -200 utapata 2 na -1, hivyo faili ni r.2.-1.mca. Funga gemu, lichukue faili hilo kutoka kwenye bakapu na uliweke region. Kuanzia 1.17 chukua pia lenye jina hilohilo kwenye entities na poi, la sivyo ng'ombe na wanakijiji hawatalingana na nyumba zao.

Umeme

Mvua za Tukuyu na Uyole huja na radi, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika katikati ya kuandika. Kinachoumia mara nyingi ni level.dat. Dunia inatoweka kwenye orodha au inakataa kufunguka. Usiifute. Nakili folda nzima kwanza, kisha iite level.dat jina level.dat_mbovu, na level.dat_old iite level.dat. Hiyo ni nakala ya hifadhi iliyotangulia, na kwa kawaida unapoteza dakika chache tu. Chanki ikiwa ndiyo mbovu, programu ya MCA Selector inaweza kuiondoa peke yake ili iumbwe upya, modi zote za ardhi zikiwepo. UPS ndogo ya 650VA inakupa muda wa kubonyeza Esc na kutoka kwa utaratibu, na kazi yake ni hiyo tu, isitumike kumalizia mchezo gizani.

Dunia ya wengi

Mageto ya wanafunzi, Mbeya na Iringa, hucheza kwa Open to LAN, kitufe cha kuwafungulia dunia yako walio kwenye mtandao uleule, juu ya hotspoti ya simu. Mawasiliano ya gemu kati ya laptopu hayapiti kwenye bando, yanayoila ni masasisho ya Windows, hivyo weka hotspoti hiyo kama Metered connection kwenye kila laptopu. Windows Firewall ikiuliza kuhusu OpenJDK Platform binary, ruhusu Private pekee. Modi za vitu ziwe zilezile na matoleo yaleyale kwa kila mmoja. Za kuonyesha tu, kila mtu na zake.

Muhula ukiisha, mwenye dunia anaondoka na mwingine anapokea folda. Hapo kuna jambo linalowagombanisha watu bure. Kwenye matoleo yaliyotajwa humu, begi na mahali alipo mwenyeji huhifadhiwa ndani ya level.dat, chini ya Player, na si kwa jina lake. Mwenyeji mpya akiifungua dunia kwenye laptopu yake, atajikuta amesimama alipokuwa mwenyeji wa zamani akiwa na almasi zake zote, na begi lake mwenyewe halionekani. Halijapotea, limo kwenye playerdata. Kabla ya kufungua mara ya kwanza, fungua level.dat kwa NBTExplorer, programu ya kuhariri mafaili kama hayo, futa Player iliyo ndani ya Data, uhifadhi. Gemu itamsoma mwenyeji mpya kutoka playerdata kama mchezaji yeyote, na wa zamani akijiunga atakuta vyake. Asiye na NBTExplorer amwombe anayeondoka aweke kila kitu sandukuni kabla ya kufunga dunia kwa mara ya mwisho, na mwenyeji mpya naye afanye hivyohivyo siku ileile.